Utando Kwenye Bomba la Kuku

Kama kuna kazi Profesa aliiweza duniani, ni kusimama mlangoni. Jumamosi hiyo alikuwa amesimama mlangoni pa banda la kuku la mama mkwe wake, mikono kiunoni, tumbo limetangulia, akitoa mhadhara juu ya ugonjwa wa miguu, na kila aliyetaka kuingia ilibidi amwombe apishe. Na msidanganyike na jina. Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote. Shule aliiacha ilipoanza kuwa ngumu, yaani mapema sana. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya domo lake, naye, badala ya kuona haya, alilipokea kama shahada.

"Ni upepo," alikuwa akisema, kidole akimwelekezea mtetea aliyelala ubavu kwenye maranda. "Upepo wa asubuhi. Unawaingia magotini. Hata mimi ukiniingia magotini siamki."

"Wewe huamki hata pasipo upepo," alijibiwa kutoka nyuma. "Na hapo unapoonyesha si goti, shemeji. Hicho ni kifundo. Goti la kuku liko juu, limejificha ndani ya manyoya. Mtu mzima, umekaa na kuku miaka yote hii, hujui hata goti liko wapi!"

Aliyejibu alikuwa mdogo wa mke wake, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, begi begani na pakiti ya sukari mkononi. Mtaani walimwita Hadubini. Alifanya kazi kwenye maabara ya mifugo, kutwa jicho moja limebanwa kwenye hadubini akitafuta vijidudu, na wenye midomo yao walisema hata watu huwatazama vivyo hivyo, jicho moja amelifumba, akipima wana udogo kiasi gani. Yeye hakuukanusha uvumi huo. Aliwaheshimu bakteria kuliko binadamu wengi aliowafahamu. Kwa shemeji yake hakuwa na heshima hata ya kuazima.

Lakini hakuja kutaniana. Alasiri hiyo mnunuzi wa kuku alikuwa anakuja na gari na matenga yake, na kabla hajafika familia ilitakiwa ikae chini iamue: kuku wa Mama wauzwe wote, au wabaki. Profesa alitaka wauzwe. Dada, mke wake, alitaka chochote alichokitaka Profesa, maana huyo Dada tangu aolewe kichwa alikiweka sandukuni pamoja na nguo za harusi. Mama mwenyewe hakuwa amesema neno. Hadubini alikuwa peke yake upande wa pili, na alijua vizuri anapigania nini. Hakuwa anapigania kuku.

Baba yao alipofariki, Mama alichukua kiti kimoja cha mbao, akakiweka chumbani, akakigeuzia ukutani, akakaa. Hakulia sana. Alikaa tu. Ukimletea chakula anakushukuru, ukirudi unakikuta vilevile, kimepoa. Wakaja ndugu, wakaja viongozi wa dini, akapelekwa hospitali akapewa vidonge, wapi! Miezi ikapita Mama anatazama ukuta. Mpaka siku moja ya baridi jirani akaomba boksi lake la vifaranga likeshe ndani, na kwa kuwa chumba cha Mama ndicho kilichokuwa na joto, likawekwa miguuni pake. Asubuhi walimkuta amegeuza kiti. Kifaranga kimoja kilikuwa kimelala kiganjani mwake, naye akauliza, kwa sauti ambayo walishaanza kuisahau, "Hivi vimekula?"

Ndivyo banda lilivyoanza. Kiti kikatoka chumbani kikahamia mlangoni pa banda, na Mama akanenepa, akacheka, akaanza hata kugombana na majirani, jambo lililowafurahisha watoto wake kupita kiasi. Kwa hiyo Hadubini alikuwa na hakika kama alivyokuwa na hakika ya jina lake: gari la mnunuzi likiondoka na kuku, kiti kitarudi ukutani. Na mara hii hapatatokea jirani mwenye boksi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mama alikuwa kitini pake, amempakata mtetea mwenye unyayo uliovimba, akimfuta kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Hadubini alimkabidhi ile pakiti ya sukari. Kila alipokuja alileta sukari, na kila alipokuja tena aliambiwa imekwisha. Mama alikunywa chai bila sukari tangu zamani, Dada alikuwa anaogopa kunenepa, kwa hiyo haikuhitaji maabara kujua iliishia kwenye tumbo la nani. Alimtupia Profesa jicho, akasonya.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa kuchechemea. Kuku mmoja, kisha wawili, kisha ukawa unaingia bandani unaona kundi zima linatembea kama limevaa viatu vya kukopa. Vifundo vilivimba, vikawa vya moto, nyayo zikatoka vidonda, na aliyelala hakuinuka tena. Profesa alikuwa na maelezo kila wiki. Mara chakula kina mchanga. Mara jirani ana jicho baya. Mara kuku wamechoka kutaga. Muuza dawa wa dukani, mbumbumbu mwingine aliyevaa koti jeupe ili watu wamwogope, aliwauzia kila chupa iliyokuwa karibu kuharibika.

Hadubini yeye hakupiga ramli. Alichoma sindano kwenye kifundo, akavuta usaha, akaupeleka kazini, akauotesha kwenye sahani ya maabara. Siku ya pili vidoa vya manjano vilikuwa vimejipanga humo kama vina hati ya kiwanja. Stafilokokasi. Bakteria wa kawaida kabisa, anayekaa hata kwenye ngozi ya mtu, ila akipata kidonda huingia ndani akafanya makazi. Akawajaribia dawa, na dawa moja ikawafyeka wote, sahani ikabaki nyeupe. Alirudi kwa Mama akitembea kifua mbele. Dawa ikatiwa kwenye tangi la maji, maji yakashuka kwenye bomba, bomba likawanywesha kuku wote kwa vile vichuchu vidogo vya chuma wanavyovidonoa. Kuku wakasimama. Mama akacheka mpaka akafuta machozi.

Dozi ilipokwisha, kuku wakaanza tena kuchechemea.

Akarudia dawa. Wakasimama, wakaanguka. Akairudia mara nyingine, na mambo yakawa yaleyale. Hapo Profesa akapata sikukuu yake. "Shemeji," alisema mbele ya watu, uso mkavu kabisa, "naona dawa yako inafanya kazi vizuri sana kwenye sahani. Basi tuwahamishie kuku kwenye sahani." Dada alicheka. Wapita njia walicheka. Hata Mama alificha mdomo. Maneno hayo yalimkata Hadubini maini, kwanza kwa sababu yalichekesha, na pili kwa sababu yalikuwa kweli, na mtu wa kumwambia kweli akawa huyo! Usiku huo alijizungusha kitandani akiamini jambo moja tu: aliyekuwa anatia dawa tangini ni Profesa, na Profesa hata chai hajui kupima.

Jibu alilipata kazini, kwenye vyombo vichafu. Kulikuwa na chupa nyembamba ya kioo aliyoisahau kwenye kabati, yenye supu ya kuoteshea vijidudu iliyotiwa sukari kidogo, na ndani yake wale wale bakteria wa kuku wa Mama. Aliimwaga, akaisuuza, akaona kioo kimebaki na utando unaoteleza. Akasuuza tena. Umo. Kwa hasira tu akaijaza chupa ile dawa yake, ile iliyosafisha sahani, akaiacha mpaka kesho yake, kisha akakwangua ule utelezi akauotesha upya. Ukaota. Vidoa vya manjano hivyo hapo, vimeshiba, havina habari.

Alikaa kitini akacheka peke yake. Mashetani hawa! Waliokuwa wanakufa ni wale wanaoogelea ovyo. Wenzao walijishikiza ukutani, wakashikana wenyewe kwa wenyewe, wakatoa ute wakajifunika nao, na humo ndani walikuwa wanaishi raha mustarehe, dawa inawapitia juu kama mvua juu ya bati. Dozi ikikwisha, kipande kinabanduka, kinasafiri na maji, kinatafuta kidonda kingine. Kiumbe hana kichwa, hana macho, anajenga nyumba ya pamoja ambayo mtu hawezi kuibomoa. Profesa ana vyote hivyo, na amehamia kwa mama mkwe.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo begini mwake kulikuwa na msumeno wa chuma.

"Mama, naomba nikate bomba la maji."

Mkono wa Mama ulisimama juu ya unyayo wa kuku. "Bomba lina nini?"

"Ndicho nitakachokuonyesha."

"Haya, kata," alisema Mama, akatazama upande wa tangi, kisha akainamia kuku wake. "Ila usiwatishe."

"Ukate bomba!" Profesa alidakia. "Jamani, mguu unauma, yeye anakata bomba. Siku akiumwa kichwa sijui atakata nini."

Hadubini alitoa msumeno begini. Alifunga koki, akapiga magoti kwenye maranda, na suruali yake ikalowa hapo hapo. Akapapasa. Chini ya kila kichuchu maranda yalikuwa tope. Aliinua macho akaona tone linachuruzika, likaning'inia, likaanguka, na jingine likafuata. Kichuchu hakikuwa kinaziba. Akaweka msumeno, akakata kipande cha urefu wa mkono, akakiinamisha.

Kilichotoka hakikuwa maji. Kilikuwa utelezi mzito, rangi ya maziwa yaliyochacha, ukashuka polepole na kuning'inia kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Harufu yake ilikuwa ya uchachu, ila chini ya uchachu kulikuwa na utamu. Profesa alirudi nyuma akaziba pua. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alikuwa amepisha mlango bila kuombwa.

"Ehee!" Hadubini alisema. Furaha ilimpanda mpaka masikioni. "Huu hapa upepo wako wa magotini!"

Lakini jicho lake lililozoea kubanwa lilikuwa limeshaona kitu kingine. Sisimizi. Walipanda ukuta kwa mstari, wanakwenda na kurudi, mpaka juu ya tangi. Alipanda juu ya ndoo, akafunua. Kando ya mdomo wa tangi kulikuwa na michirizi mikavu inayonata, imechuruzika mara nyingi na kukauka mara nyingi. Alipitisha kidole, kikanasa. Sukari. Mtu alikuwa anawatia kuku sukari kwenye maji, tena si mara moja, na kila tone lake lilikuwa karamu kwa ule utando.

Alishuka kwenye ndoo akiwa ameshamjua mwizi wa sukari na muuaji wa kuku, na kwa bahati nzuri walikuwa mtu mmoja.

Walikaa sebuleni. Dada alileta chai, akaweka vikombe vinne na ile pakiti mpya ya sukari katikati ya meza. Hadubini aliomba sinia, akalaza kile kipande cha bomba juu yake, mdomo ukiwaelekea wao, ili kila mtu auone ule ute. Dada alikunja uso akasogeza kikombe chake.

"Mimi nasema tuwauze tu," Profesa alianza. "Si kwa ubaya. Kila kuku akifa, Mama anashinda na njaa. Sasa tutafuga kuku tumzike Mama?"

"Nyamaza kwanza," alisema Hadubini. "Leo ni zamu ya wenye akili."

Akaeleza. Alieleza vizuri, tusimnyime haki yake, maana mtu akiwa na dharau ya kutosha hueleza vizuri sana. Alieleza jinsi bakteria wanavyojishika kwenye ukuta wa bomba, jinsi wanavyojifunika, jinsi dawa inavyowapita. Alieleza kwamba utelezi ule ule umeingia kwenye vichuchu vikashindwa kuziba, vikavujisha, maranda yakalowa, nyayo za kuku zikalainika zikachubuka, na mlango wa ugonjwa ukawa wazi. "Kuku wako si wabovu, Mama. Dawa si mbovu. Bomba ndilo lililooza. Tunang'oa bomba lote, tunasugua tangi, tunaweka vichuchu vipya na maranda makavu, wagonjwa tunawatenga, basi. Hakuna haja ya kuuza hata mmoja."

Mama alimtazama, na kwa kitambo kidogo uso wake ulifunguka kama ulivyofunguka ile asubuhi ya vifaranga. Hadubini aliuona. Kama angekuwa na busara ya kunyamaza hapo, akanywa chai yake, akaenda kununua bomba, hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikuwa amekwisha kuonja ushindi, na ushindi usio na mtu wa kudhalilishwa aliona hauna ladha.

"Ila utando huu haujijengi kwa maji matupu," aliendelea, akainua pakiti ya sukari akaipiga juu ya meza. "Umelishwa. Umenyonyeshwa kama mtoto. Nataka kujua ni nani aliyekuwa anatia sukari kwenye tangi."

Mama aliweka kikombe chini. Dada alimtazama mume wake. Profesa alikohoa, akajikuna shingo, akamtazama Mama, akautazama ute.

"Ni mimi," alisema.

"Nilijua!"

"Nilidhani inawapa nguvu."

Hadubini alisimama. Aliyangoja maneno hayo kwa muda mrefu kiasi kwamba alipoyapata hakujua aanze kuyala upande gani. Alimpa vidonge vyake, tena bila maji. Alimkumbusha upepo wa magotini, alimkumbusha sahani. "Unadhani! Wewe na kudhani wapi na wapi? Mtu anayemwagia kuku sukari kwenye bomba hafai kupewa hata kuku wa kuchorwa ukutani. Na usiniambie ulikuwa na nia njema. Nia njema kwenye kichwa kitupu ni sumu tu. Umewaua kwa mkono wako huku unawachekea. Kila kuku aliyefukiwa nyuma ya lile banda, mpumbavu wewe, si ugonjwa uliomuua. Ni wewe."

Profesa, domo kaya wa mtaa mzima, mtu aliyeweza kubishana na redio, aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Hapo Hadubini alipaswa kustuka. Hakustuka, aliona ni haya zimemshika, akamshukuru Mungu kwamba kumbe anazo.

"Asiguse tena banda hilo," alisema, sasa akimgeukia Dada, ambaye alikuwa ameanza kulia. "Na kama ana soni hata chembe, amchukue mke wake wahame hapa. Mtu wa namna hii hakai na kiumbe hai."

"Basi," alisema Mama.

Hakuipandisha sauti. Aliinuka, akaenda akasimama nyuma ya kiti cha mkwewe, na akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti, asije akamgusa mkwe, lakini karibu.

"Muache mume wa dada yako. Ni mimi."

"Mama, usimtetee huyu..."

"Simtetei. Ni mimi ninayetia sukari." Alivuta pumzi. "Wale vifaranga wa kwanza, yule jirani mwenye navyo alinionyesha. Vikifika vimechoka safari, unavipa maji ya sukari siku ya kwanza, vinachangamka. Nikawapa. Wakachangamka, wakanikimbilia miguuni, wote. Nikasema, kama wanafurahi hivi siku moja, kwa nini niwanyime siku nyingine? Basi nikawa nawatilia kila asubuhi. Sukari yako hiyo unayoniletea. Walipoanza kuumwa, nikaongeza. Niliona wanahitaji nguvu."

Nje mtetea alikuwa anatangaza yai. Hadubini alifungua mdomo, na yale maneno yote aliyokuwa ameyasema yakamrudia moja moja, na kila moja likiwa na sura ya Mama. Kichwa kitupu. Mpumbavu. Umewaua kwa mkono wako.

"Mama, mimi sikujua ni wewe."

"Najua hukujua."

"Lakini ni jambo dogo! Mtu yeyote angefanya hivyo. Siku ya kwanza ni sawa kabisa, hata sisi tunashauri hivyo, ni kuendelea tu ndiko... Mama, tunabadilisha bomba. Kesho. Leo! Nakwenda kununua sasa hivi."

"Umesema mtu wa namna hiyo hafai kupewa hata kuku wa kuchorwa." Mama aliyasema bila hasira, polepole, kama mtu anayerudia maelezo ya dawa ili asikosee. "Wewe ndiye uliyesoma. Mimi nilikuwa nashangaa kwa nini wanakufa, nawaombea, nawafuta miguu, na kumbe mkono unaowafuta ndio huo huo. Hapana. Mnunuzi akija, awachukue. Sitaki kumuua mwingine."

"Mama, nisikilize..."

"Nimekusikiliza, Daktari."

Hakuwa daktari, na Mama hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa anamwita mwanangu.

Gari lilifika. Mnunuzi alikuwa mtu wa haraka, akachagua wazima, waliokwisha kutokwa na dawa mwilini kitambo, akawaacha wanaochechemea, ambao Mama aliagiza jirani awachukue akawauguze. Hadubini alijaribu kusimama mlangoni pa banda, mikono kiunoni, kumzuia, na Mama akamwambia, kwa upole ule ule, "Mpishe mgeni." Ikabidi apishe. Kuku walipiga kelele, manyoya yakaruka. Mama aliwashika mwenyewe mmoja mmoja, akawapa mkwewe, na mkwewe akawaweka kwenye tenga, mpaka banda likawa kimya isipokuwa tone la maji kutoka kwenye bomba lililokatwa.

Hadubini alimkuta Profesa nyuma ya banda, ananawa mikono kwenye ndoo.

"Ulijua," alimwambia.

"Nilimwona zamani. Anaamka kabla yetu, anapanda kwenye ndoo na kikombe chake. Sikujua kama ni sumu. Nilidhani ni mapenzi tu." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Uliposimama pale mezani nikaona unatafuta mtu wa kumla nyama. Nikasema si nipo? Mimi nimezoea."

"Kwa nini hukuniambia pembeni?"

Profesa alimtazama. Hakukuwa na kejeli usoni mwake, na Hadubini angetoa chochote iwepo.

"Ungenisikiliza, shemeji?"

Hakungoja jibu. Alipita mbele kwa sababu Mama alikuwa amekiinua kile kiti cha mbao mlangoni pa banda, anakivuta ndani, na kilikuwa kizito kwake. Profesa alimpokea, akambebea mpaka chumbani. Alikiweka katikati ya chumba na kutoka. Mama akakisogeza mwenyewe.

Hadubini aliingia akamkuta amekaa, uso ukutani, mikono mapajani. Manyoya mawili madogo yalikuwa bado yamenasa kwenye nguo yake. Alipiga magoti, akasema yote ambayo mtu husema: nisamehe, nilikuwa na hasira, sikumaanisha, nitakuletea vifaranga wapya wiki hii hii. Mama aliitika kila neno. Alisema amemsamehe, na sauti yake ilionyesha ni kweli. Hadubini akasimama, akashika kiti kwa nyuma, akakigeuza taratibu kuelekea dirishani, pale ambapo banda lilionekana na mwanga wa alasiri ulikuwa mzuri.

Mama aliinuka. Akakirudisha kiti kilipokuwa, akakaa.

"Umekula, mwanangu?" aliuliza ukuta.

"Bado, Mama."

"Dada yako atakupa." Akakumbuka kitu. "Na ile sukari yako iko mezani. Ukiondoka, rudi nayo. Mimi sina pa kuitia."